"Ndinyi miungu": mhubiri kakosea, na waliompinga nao wamekosea. Tuelewane hapa

#1 Mwana wa Mwandiga (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Hivi karibuni hapa Mwanga, Kigoma mjini, kulikuwa na mkutano wa injili. Sitataja mhubiri wala kanisa, maana shida si yeye peke yake. Alifungua Zaburi 82:6, "Ndinyi miungu, na wana wa Aliye juu, nyote pia," akarukia Yohana 10:34 ambapo Yesu mwenyewe anainukuu, kisha akapandisha sauti: wewe ni mungu mdogo, mungu haombi, mungu anatamka. Tamka nyumba. Tamka gari. Tamka visa. Watu wakatamka. Jamaa aliyekaa kiti cha jirani yangu alitamka boti ya mashine na nyavu mpya, na ukijua hali ya ziwa ilivyo humlaumu.

Kesho yake kijiweni moto ukawaka. Wakatoliki wenzangu, na Waanglikana wawili watatu, wakasema huyo mzushi, mtu kuitwa mungu ni kufuru, mjadala umefungwa. Mimi nikaona haujafungwa. Mhubiri kakosea, sawa, lakini hawa waliompinga wanapinga kitu ambacho makanisa yao yenyewe yanakifundisha tangu karne ya pili. Hawajui tu, kwa sababu hakuna anayewaambia.

Tuanze na Maandiko. 2 Petro 1:4 inasema tumepewa ahadi kubwa mno "ili kwamba kwa hizo mpate kuwa washirika wa tabia ya Uungu." Si washirika wa baraka, si washirika wa mafanikio. Wa Uungu. Mstari huo uko kwenye kila Biblia ya Kiswahili hapa mjini na sikumbuki kusikia ukihubiriwa.

Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, karibu mwaka 180 aliandika kwamba Neno wa Mungu, kwa upendo wake usiopimika, alifanyika vile tulivyo sisi ili atufanye tuwe vile alivyo yeye. Atanasi wa Aleksandria katika karne ya nne akaifupisha bila kuogopa: Alifanyika mtu ili sisi tufanywe mungu. Huyo si mhubiri wa kipaza sauti. Ni Mwafrika wa Misri aliyefukuzwa jimboni kwake mara tano akitetea imani ya Nisea, kwamba Kristo ni Mungu kweli. Na mkifungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 460 mtawakuta wote: Petro, Ireneo, Atanasi, na Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, akifunga.

Kwa Wakatoliki kuna jambo la karibu zaidi. Jumapili wakati wa matoleo, kwaya imepamba moto, foleni imefika mlangoni, huyu kabeba mkungu wa ndizi, yule dumu la mawese, mama mmoja anahangaika na kuku aliyefungwa miguu. Wakati huohuo padre amesimama pembeni ya altare na mtumikiaji mwenye vichupa viwili. Anamimina divai kwenye kalisi, kisha anachukua maji na kudondosha tone, tone tu, hata mtumikiaji mwenyewe mara nyingi yuko bize kumwangalia kuku. Na hapo padre anasali kimyakimya kwamba kwa fumbo la maji hayo na divai tushirikishwe Umungu wake Kristo, aliyekubali kushiriki ubinadamu wetu. Kila Misa. Kanisa zima linaombewa kushiriki Umungu na kanisa zima linatafuta sarafu mfukoni.

Maana ya tone hilo ni ya kale. Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, aliandika barua ndefu (ya 63 katika mkusanyo wake) kuwakemea waliokuwa wakiadhimisha kwa maji matupu. Akasema maji ni watu, divai ni damu ya Kristo. Ukitoa divai peke yake, Kristo yuko bila sisi. Ukitoa maji peke yake, sisi tuko bila Kristo. Vikichanganyika, nani atavitenganisha?

Sasa mhubiri wa Mwanga alikosea wapi?

Kwanza aliishia mstari wa 6. Wa 7 unasema, "Lakini mtakufa kama wanadamu, mtaanguka kama mmoja wa wakuu." Zaburi hiyo ni Mungu akiwahukumu wenye mamlaka wanaopendelea wabaya na kuwaacha maskini na yatima. Kuitwa "miungu" pale ni sehemu ya mashtaka. Ukimsomea mtu mstari wa kwanza wa hati ya mashtaka na kumwambia ni cheti cha kupandishwa cheo, umemdanganya.

Pili, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike, aligeuza zawadi kuwa mali. Mababa wa Kanisa wote hao, yaani walimu wake wa kale, wanasema tunafanywa miungu, hatuko hivyo kwa asili. Mwana ni Mungu kwa asili. Sisi tunashirikishwa kwa neema. Thoma wa Akwino anasema kama vile moto peke yake ndio uwezao kuwasha kitu, ni Mungu peke yake awezaye kumfanya mtu mshiriki wa Umungu. Huwezi kujitamkia. Kuna aliyejaribu kuuchukua Uungu kwa mkono wake mwenyewe, habari iko Mwanzo 3:5, "nanyi mtakuwa kama Mungu." Nyoka naye alikuwa na mahubiri mafupi.

Tatu, alimfanya Mungu aeleweke mno. Mungu wake ana kanuni: sema hivi, utapata vile. Biblia inamsema Mungu ambaye "amekaa katika nuru isiyoweza kukaribiwa" (1 Timotheo 6:16). Kutoka 20:21, watu walisimama mbali, na Musa "akalikaribia lile giza kuu Mungu alipokuwapo." Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya nne, aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya Musa, na anachokiona ni hiki: Musa anaanza na nuru ya kijiti kinachowaka, baadaye wingu, mwisho giza. Kadiri anavyosogea ndivyo anavyozidi kujua kwamba Mungu hashikiki. Augustino aliwaambia waumini wake waziwazi kwamba ukimwelewa ukammaliza, uliyemwelewa si Mungu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kushiriki uzima wa Mungu hakuondoi fumbo. Anayesema "nimekuwa mungu, sasa najua jinsi ya kumtumia Mungu" hajasogea hata hatua moja mlimani.

Nawasilisha. Kejeli za madhehebu tuziache, tujadili hoja.

#2 Fundi Reli

Nimekaa mbele kabisa. Waje wenye mada.

#3 Upako wa Ziwani

Mkuu Mwana wa Mwandiga, umeandika vizuri ila umetuonea. Mimi ni mpentekoste, na mkutano huo nilikuwepo. Mambo ya kutamka magari hata mimi yananikera, tena mchungaji wangu ameyakemea kanisani. Lakini usitupe mtoto wa watu na beseni lake. Marko 11:23 Yesu anasema atakayeuambia mlima huu ng'oka, asione shaka moyoni, yatakuwa yake. Petro alimwambia kiwete simama uende. Hakusema "kama itakupendeza." Kuna mamlaka aliyopewa mwamini, hayo si uzushi.

Halafu jiulize kwa nini watu wanajaa uwanjani. Umesema mwenyewe: kwenu sala ya kushiriki Umungu inasaliwa kimyakimya na watu wanatafuta sarafu. Sisi tunaitangaza kwa spika nne. Mtu ameishi miaka arobaini akiambiwa yeye ni mwenye dhambi na mchango wake wa ujenzi bado haujakamilika, siku moja anasikia kwamba Mungu anataka kuishi ndani yake. Unategemea asishangilie?

#4 Mwana wa Mwandiga

Upako wa Ziwani, aya yako ya pili sina jibu la kuipinga. Ni kweli tupu. Tumeifungia kabatini na funguo tumeiacha sakristia.

Ya kwanza tuzungumze. Petro alisema "kwa jina la Yesu Kristo wa Nazareti, simama uende." Watu walipomshangaa, sura ya 3 ya Matendo hiyohiyo, akawauliza kwa nini mnatukazia macho kana kwamba tumemwendesha huyu kwa nguvu zetu sisi au kwa utauwa wetu sisi. Hapo ndipo tofauti ilipo. Petro ni mshiriki wa tabia ya Uungu, ndiye aliyeliandika neno hilo, na hakujiita mungu mdogo hata siku aliyomwinua kiwete.

#5 Ujiji Kongwe

Asalaam aleikum na tumsifu Yesu Kristo kwa wenye salamu hiyo. Mimi Muislamu, mzaliwa wa Ujiji, mada za dini huwa napita kimya ila hii imenivuta.

Ndugu zangu, mhubiri na mleta uzi naona wanatofautiana kipimo tu. Mmoja anasema wewe ni mungu mdogo, mwingine anasema wewe unashiriki Umungu kwa neema. Kwetu yote mawili yanagonga mlango mmoja, nao ni shirki. Mwenyezi Mungu hana mshirika. Hata wazee wetu wa tarika, wanaokesha kwenye dhikri, mtu akizama mpaka akajisahau, haruhusiwi kusema amekuwa Yeye. Je, mwisho wa hiyo neema yenu, kiumbe kinabaki kiumbe au hakibaki? Nauliza kwa heshima, si kwa ligi.

#6 Mfuga Nyuki wa Sikonge

Shehe wangu, wa aleikum salaam. Swali lako ndilo lililowagombanisha Wakristo wenyewe kwa zaidi ya miaka mia, kwa hiyo hujakosea mlango. Nilisoma seminari ya Kipalapala kabla ya kugundua kwamba njia yangu ni nyingine. Sasa nina mizinga Sikonge, ila madaftari sijachoma. Naomba nafasi kidogo.

Jibu fupi: kinabaki kiumbe. Milele. Asiyekubali hilo ametoka nje ya mafundisho ya makanisa yote tunayoyazungumzia hapa.

Jibu refu. Mwanzoni mwa karne ya nne padre mmoja wa Aleksandria, Ario, alisema Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko vyote, lakini kiumbe. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ukakataa. Wengi hudhani Atanasi alimpinga Ario kwa kutaka tu kumpandisha Yesu daraja. Silaha yake mojawapo kubwa ilikuwa hii tunayoijadili: kama Mwana naye ni kiumbe, basi hawezi kutushirikisha Umungu, maana hakuna kiumbe awezaye kutoa asichokuwa nacho kwa asili. Angekuwa naye yuko foleni pamoja nasi akisubiri kupewa. Unaona, shehe? Atanasi anaogopa kitu kilekile unachokiogopa wewe, kiumbe kupachikwa nafasi ya Muumba. Anaposema tunafanywa mungu, anategemea kwamba ukuta kati ya Muumba na kiumbe uko palepale, na anayeuvuka anatoka upande mmoja tu.

Tukashuka mpaka karne ya tano. Eutike, mkuu wa monasteri Konstantinopoli, akafundisha kwamba baada ya muungano ndani ya Kristo imebaki asili moja. Theodoreto wa Kiro, miaka michache kabla ya Mtaguso wa Kalsedonia, alitunga majibizano ambamo mpinzani anasema ubinadamu wa Kristo ulimezwa na Umungu kama tone la asali lililodondoka baharini. Mimi ni mtu wa asali, niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba. Tone la asali baharini limekwisha, huwezi kulirina tena. Kalsedonia, mwaka 451, ikasema hapana: asili mbili, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Na kama ndani ya Kristo mwenyewe ubinadamu haukumezwa, kwetu sisi utamezwaje?

Mfano ambao Mababa waliupenda ni chuma motoni. Babu yangu mzaa mama alikuwa mhunzi, kwa hiyo huu sikuuhitaji kitabuni. Chuma kikikaa kwenye makaa na mivukuto ikavutwa sawasawa kinakuwa chekundu, baadaye karibu cheupe, kinaunguza, kinamulika kibanda chote. Ukikigusa utasema ni moto. Lakini ni jembe lile, kilo zilezile, na kikitoka motoni kinapoa. Hakuna sekunde ambayo kilikuwa na moto wa kwake.

Kwa hiyo, swali ambalo najua linafuata, je, anaabudiwa mtu huyo? Haabudiwi. Hata Bikira Maria, ambaye Wakatoliki na Waorthodoksi tunamheshimu kuliko viumbe vyote, haabudiwi. Anayemwabudu kakosea, padre wake amwambie.

#7 Ujiji Kongwe

Nimekuelewa, Mfuga Nyuki. Sikubaliani na wewe, hasa hapo pa Mwana na asili mbili, na hilo halitaisha leo. Ila sasa najua mnachokisema, na sicho nilichokuwa nikikisikia kutoka kwenye spika nne za mwenzetu. Asali bei gani kwa lita?

#8 Mfuga Nyuki wa Sikonge

Njoo inbox shehe, huku watatufuta.

#9 Mzee wa Urambo

Wanangu, shikamooni wenye umri wangu, na ninyi wengine marahaba.

Mimi ni Mmoravian. Kanisa letu lilipokea kituo cha Urambo mwaka 1898 kutoka kwa wamisionari wa London, na ukoo wetu umekuwa humo tangu wakati wa babu. Nimesoma kote hapo juu nikaona Waprotestanti tumewekwa kando kana kwamba jambo hili ni la Wakatoliki na Wagiriki. Naomba niongeze mawili.

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, kila mtu anamjua kwa usiku wa 24 Mei 1738. Alikwenda bila hamu kwenye kikundi cha sala mtaa wa Aldersgate, London, mtu akawa anasoma utangulizi wa Luther kwa Waraka wa Warumi, na ilipofika kama saa tatu kasorobo usiku akasikia moyo wake umepata joto la ajabu. Sisi Wamoravian hadithi hii tunaipenda kwa sababu aliyekuwa akimshauri miezi hiyo alikuwa wetu, Peter Böhler. Sawa. Lakini shajara ya Wesley inaanza siku hiyo mapema. Saa kumi na moja alfajiri alifungua Agano Jipya, na mstari aliokutana nao ni huohuo wa mleta uzi, 2 Petro 1:4, washirika wa tabia ya Uungu. Watu wanaikumbuka jioni, asubuhi wanairuka.

La pili ni Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16, ambaye vijana wanamjua kwa uteule tu. Katika maelezo yake ya mstari huu anasema lengo la Injili ni kutufanya hatimaye tufanane na Mungu, na kama tunaruhusiwa kusema hivyo, ni kama kutufanya miungu. Papo hapo anawageukia wanaodhani asili ya Mungu itaimeza ya kwetu, anawaita watu waliopagawa. Mtu mkali yule, lakini hapa alikuwa amesimama pamoja na hao Mababa.

Tone la maji kwetu halina uzito huo, na Luther mwaka 1523 aliandika kwamba anaelekea zaidi kwenye divai tupu bila maji, akiona maji yanaashiria visivyo. Waarmenia nao tangu kale hawachanganyi. Sibishani na mapadre wenu. Nasema tu kwamba mtu asidhani bila tone hilo ushirika haupo.

#10 Mwana wa Mwandiga

Marahaba, samahani, shikamoo mzee wangu! Umenifundisha. Hiyo ya alfajiri sikuwahi kuisikia, na nimehudhuria makongamano ya umoja wa Wakristo si haba.

#11 Upako wa Ziwani

Shikamoo mzee. Wesley ndiye babu wa wapentekoste, tukubaliane tu. Mahubiri yake ya utakatifu yamezaa harakati za utakatifu Marekani, na hizo zimetuzaa sisi. Kwa hiyo mstari wa alfajiri tumerithi pia, hata kama wengine wameuza urithi kwa bei ya gari la kutamka.

#12 Binti wa Kasulu

Naomba kuuliza, na naomba msinijibu kwa mitaguso.

Namuuguza mama. Kiharusi, upande wa kulia wote hausikii, maneno hayatoki. Asubuhi namgeuza, namwosha, namlisha uji kwa kijiko na nusu unamwagika kwenye kanga. Yeye ndiye aliyenifundisha Baba Yetu na sasa hawezi kuisema. Nikisoma nuru, utukufu, chuma kuwa cheupe, nafurahi kwamba watu wana akili hivyo. Lakini mama anashirikije uzima wa Mungu akiwa hivi? Na mimi nikiwa nimechoka mpaka nasahau kusali?

#13 Mfuga Nyuki wa Sikonge

Pole sana dada. Umeomba nisitaje mitaguso, nitamtaja mtu mmoja tu, naye aliteseka. Maksimo, mmonaki wa karne ya saba, ndiye aliyeandika kwa kina kuliko wote juu ya jambo hili. Alikataa kukubali fundisho la mfalme kwamba Kristo hakuwa na utashi wa kibinadamu. Akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini walimkata ulimi na mkono wa kuume, wakampeleka uhamishoni, akafia huko mwaka 662. Mwalimu mkuu wa kushiriki Umungu alimaliza maisha bila ulimi wa kusali na bila mkono wa kufanya ishara ya msalaba. Kanisa halikusema hapo ushirika wake ulikatika. Lilimwita Muungamadini, yaani aliyeikiri imani katika mateso.

Ubatizo wa mama yako haukuwa kwenye ulimi. Roho anayekaa ndani yake hategemei upande wa kulia ufanye kazi. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kumbuka neno hilo, kusikoweza kutamkwa, ukikutana na watu wa kutamka.

#14 Mama Jumuiya

Binti wa Kasulu, mwanangu, mimi si msomi. Wafilipi 2 inasema Kristo alikuwa yuna namna ya Mungu, akatwaa namna ya mtumwa. Kama Mungu akija kwetu anakuwa mtumwa, basi anayemwosha mama yake yuko karibu naye kuliko sisi tunaoandika. Na uombe jumuiya yenu wakupokee zamu. Hilo nalo ni sehemu ya imani, si kila siku wewe peke yako. Kwetu tulimwuguza katekista mstaafu kwa zamu, kila nyumba siku yake, na wanaume waliiweka kando aibu yao wakajifunza kupika uji.

#15 Binti wa Kasulu

Asanteni. Nitaongea na mwenyekiti Jumapili.

#16 Fundi Reli

Nimesoma yote safarini Tabora hadi Kigoma, treni imesimama Uvinza mtandao ukashika. Swali la mtu wa kawaida. Mleta uzi kasema Mungu hashikiki, kadiri unavyosogea unazidi kutomjua. Mfuga Nyuki kasema tunashirikishwa Mungu mwenyewe, si kivuli chake. Sasa yupi mkweli? Kama nimepewa chakula nikala, siwezi kusema sijui ladha yake.

#17 Mwana wa Mwandiga

Fundi, hilo ndilo swali gumu kuliko yote humu na makanisa hayajalijibu kwa sauti moja.

Waorthodoksi wana jibu la Gregori Palamas, mmonaki wa mlima Athos huko Ugiriki na baadaye askofu mkuu wa Thesalonike, aliyefariki miaka ya 1350. Wamonaki wa Athos walisema katika sala waliona nuru ileile iliyomzunguka Kristo mlimani alipogeuka sura. Mtaalamu mmoja aliyetoka Kalabria, kusini mwa Italia, Barlaamu, akawacheka: Mungu haonekani, mmeona ndoto zenu. Palamas akajibu kwamba ndani ya Mungu yuleyule tutofautishe kiini chake, ambacho hakuna kiumbe atakayekifikia hata mbinguni, na nguvu zake, yaani utendaji wake, uzima wake unaotujia. Nguvu hizo hazikuumbwa, ni Mungu mwenyewe, si zawadi iliyotumwa na Mungu aliyebaki mbali. Mitaguso ya Konstantinopoli ya 1341 na 1351 ikamuunga mkono.

Magharibi walikwenda njia nyingine. Thoma anasema mbinguni watakatifu watakiona kiini chenyewe cha Mungu, maana 1 Yohana 3:2 inasema "tutamwona kama alivyo." Lakini kuona si kummaliza. Akili iliyoumbwa itamwona Mungu wote, ila haitamwona kabisa kwa kipimo anachoonekana, kwa sababu hicho hakina mwisho. Kwa hiyo ladha utaijua, Fundi. Sufuria hutaiona mwisho wake.

Na Thoma huyohuyo, tarehe 6 Desemba 1273, baada ya Misa, aliacha kuandika katikati ya kazi yake kubwa. Alipobembelezwa aendelee alisema yote aliyoyaandika anayaona kama majani makavu. Miezi mitatu baadaye akafariki. Sisomi hapo kwamba aliyoyaandika ni uongo. Nasoma kwamba alisogea.

#18 Fundi Reli

Kwa hiyo hata mbinguni mtu anaendelea kusogea? Mimi nilifikiri kule ni kupumzika.

#19 Mwana wa Mwandiga

Kwa Gregori wa Nisa, ndiyo. Anasema kila ukishiba unatanuka, na ukitanuka unatamani zaidi, na Mungu hana ukuta wa nyuma wa kugota. Anaitegemea Wafilipi 3:13, Paulo akiyachuchumilia yaliyo mbele. Kwa Thoma, hapana, kule hamu imefika na kutulia, na anayemwona Mungu hana tena kitu cha kukikimbilia. Mapadre niliowauliza wengi wako na Thoma. Mimi niko na Gregori, na Mfuga Nyuki najua atanipinga.

#20 Mfuga Nyuki wa Sikonge

Nakupinga, lakini kesho. Leo narina.